Mtafute Mlezi Kabla ya Fomu

Jumapili jioni, upepo wa ziwani unapoanza kupoza mabati, simu yangu huanza kulia. Ninaishi Pap Onditi, karibu na barabara itokayo Katito kwenda Kendu Bay. Nilirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi katika makao ya wazee huko Marekani, kwanza nikiwa muuguzi, baadaye msimamizi. Wanaonipigia ni watoto wa Nyakach, Kano, Seme na Karachuonyo walioko Texas, Minnesota, Maryland na Virginia. Mchana kutwa na usiku kucha wanawaogesha, wanawalisha na kuwageuza kitandani wazee wa watu wengine, na sasa wameanza kujiuliza kama maisha yao ya kazi yataishia kwenye korido.

Majuzi binti mmoja alinipigia akiwa kwenye mapumziko ya chai. Hapa ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwake huko Texas saa nne asubuhi.

"Mama, ile fomu ya leseni ya mafunzo nimeipata. Leo naijaza, kesho naituma."

"Mlezi umempata?"

Akanyamaza. Nilisikia kengele ya mgonjwa ikilia nyuma yake. Kisha akauliza, "Mlezi yupi tena, Mama?"

Nilimwambia aiweke fomu kando kwanza. Yaliyofuata tuliyazungumza kwa wiki tatu, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeyahitaji, nayaandika hapa.

Tuanze na neno lenyewe, maana linawachanganya hata wazazi wetu. Hapa Nyanza ukitaja nasing home, mtu huwaza hospitali ndogo ya kibinafsi, mahali pa mama kujifungulia au mtoto kutundikiwa maji. Marekani neno hilo hilo ni makao ya watu ambao mwili au akili imechoka kiasi cha kuhitaji muuguzi usiku na mchana. Wengi ni wazee, na wengine ni wagonjwa waliotoka hospitalini kabla hawajapata nguvu za kurudi kwao. Makao ya aina hiyo yaliyoidhinishwa na serikali kuu yanakaribia 15,000, na ndani yake wanaishi zaidi ya watu milioni moja. Kila makao lazima yawe na msimamizi mwenye leseni, na jambo hilo halikuachiwa hiari ya wenye mali. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Hifadhi ya Jamii, likayataka majimbo yanayoendesha Medicaid, mpango wa kuwalipia matibabu watu wa kipato cha chini, yawe na utaratibu wa kuwapa leseni wasimamizi hao. Mwaka 1987 ikaja sheria nyingine iliyotaja haki za mkaazi mwenyewe: asifungwe kitandani ili kuwarahisishia wafanyakazi kazi, ashirikishwe katika mipango ya matunzo yake, malalamiko yake yasikilizwe.

Leseni ya mafunzo ndiyo mlango wa kuingilia kazi hiyo. Ni ruhusa ya jimbo ya kujifunza usimamizi ndani ya makao halisi, chini ya mtu ambaye tayari ana leseni. Majimbo hayaiiti kwa jina moja: huku ni leseni, kule ni kibali, kwingine ni kusajiliwa tu katika daftari la bodi, yaani mamlaka ya jimbo inayotoa leseni hizi. Texas na California zinataka saa 1,000 za mafunzo. Virginia inataka 2,000, ingawa huwapunguzia wenye masomo au uzoefu fulani. Ukifanya saa 40 kwa wiki, 1,000 ni wiki 25, na 2,000 ni wiki 50. Minnesota, ambako watu wetu ni wengi sana, ilianza Agosti 2021 kudai leseni hata kwa wakurugenzi wa nyumba za wazee wanaojiweza kiasi, nao pia wana njia ya kuanza kazi wakiwa bado wanafunzi. Kanuni hizi hubadilika. Zisome kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lako, usizichukue kwenye kundi la WhatsApp.

Matatizo mengi ninayoyaona, hata hivyo, hayaanzii Marekani. Yanaanzia hapa, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama.

La kwanza ni jina. Sisi Wajaluo humwita mtoto kwa saa aliyozaliwa, kwa mvua iliyokuwa ikinyesha, kwa marehemu aliyemjia mama yake ndotoni. Kisha padri anaongeza lake, na mwalimu wa darasa la kwanza anaandika alichosikia. Ndiyo maana binti mmoja anaweza kuwa Mary Akinyi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mary A. Otieno kwenye cheti cha KCSE, Akinyi Mary Ouma kwenye pasipoti, na kubeba jina la mume kwenye leseni yake ya uuguzi huko Marekani. Hapa kijijini hakuna anayeshangaa. Lakini afisa wa bodi aliyeketi Austin au Richmond anaona watu wanne, na mmoja tu kati yao ndiye aliyelipa ada ya maombi.

Tiba yake ipo na si ngumu, mradi uianze mapema. Chagua jina lililo kwenye pasipoti, liwe ndilo jina lako kila mahali kuanzia leo. Kwa vyeti vya zamani, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, uyataje jinsi yalivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kama jina ulilibadilisha kabisa, fanya hati rasmi ya kubadili jina, isajiliwe na ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Ukija likizo Desemba, tenga siku mbili za mjini Kisumu kwa shughuli hiyo kabla hujaanza kuzunguka kuwasalimu watu. Ukizuiliwa na matanga na harusi, utapanda ndege bila karatasi.

La pili ni masomo. Stashahada ya uuguzi ya KMTC ni elimu nzuri, na waliosoma humo ndio wanaobeba wodi za nchi hii, kuanzia hospitali yetu ya hapa Pap Onditi hadi ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Lakini Texas inataka shahada, tena iwe na masomo ya usimamizi wa matunzo ya muda mrefu ndani yake au juu yake. Virginia ina njia inayoanza na saa 60 za masomo ya chuo pamoja na mafunzo kazini. Kwa hiyo, kabla hujakata tamaa au kujilipia shahada nzima upya, peleka vyeti vyako vikapimwe na shirika linalotambuliwa na bodi yako. WES ni mojawapo ya mashirika yanayojulikana sana, lakini iulize bodi kwanza kama inalikubali. Matokeo ndiyo yatakayokuambia unapungukiwa na nini. Mara nyingi ni masomo machache tu unayoweza kuyamalizia katika chuo cha jamii kilicho karibu nawe, jioni baada ya kazi.

Matokeo ya chuo lazima yatoke chuoni kwenyewe, yakiwa yamefungwa na kupigwa muhuri. Jirani yangu mmoja alichukua bahasha ya mwanawe, akaifungua kwa furaha ili aone alama za mtoto aliyemsomesha kwa kuuza omena. Nani wa kumlaumu? Ikabidi tuanze upya, na miezi miwili ikapita. Waambie walio nyumbani waziwazi: bahasha haifunguliwi. Na ukitaka kuzungumza na ofisi ya chuo wewe mwenyewe, kumbuka kwamba inapofunguliwa saa mbili asubuhi Kisumu, Texas ni saa sita usiku, na saa zao zikirudishwa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa tano. Wanaofanya zamu ya usiku wana bahati hapo.

Cheti cha tabia njema cha DCI kinaombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, na alama za vidole unaweza kuzitolea Huduma Centre. Usikikimbilie. Bodi nyingi hutaka alama za vidole zichukuliwe huko huko Marekani, na karatasi ya Kenya huiomba tu kwa sababu maalumu. Subiri uombwe.

Sasa mlezi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Wamarekani humwita kwa neno la kiofisi. Mimi namwita mlezi kwa kuwa ndiyo kazi anayoifanya. Ni msimamizi mwenye leseni anayekubali mbele ya bodi kwamba atakufundisha, atakusimamia na kutia sahihi kwamba saa zako ni za kweli. Leseni yake ya usimamizi peke yake huwa haitoshi. Texas na Virginia zinataka awe ameidhinishwa kwa kazi hiyo ya ulezi. Mimi sikulijua hilo. Katika jimbo nililoanzia, msimamizi mmoja mkarimu sana aliniambia nianze Jumatatu, karatasi zitafuata. Nilianza kwa bidii, nikifika kabla ya jua kuchomoza. Wiki 11 baadaye barua ya bodi ilifika: mlezi wangu hakuwa ameidhinishwa, na saa zilizofanywa kabla ya kibali hazihesabiwi. Saa 440 zilienda na maji. Nilikaa kwenye gari nikalia, kisha nikarudi kwenye zamu ya usiku kwa miezi mitano nikikusanya tena pesa na moyo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia ni hilo. Umpate mlezi, uhakikishe kwa macho yako kwenye orodha ya bodi kwamba ameidhinishwa, nyote wawili mpeleke maombi, mngoje kibali kwa maandishi, ndipo saa ya kwanza ihesabiwe. Tarehe ya kuanza ni ile iliyo kwenye barua ya bodi. Ahadi ya mdomo haina tarehe.

Unampataje mlezi mzuri? Anza na makao yenyewe. Tangu mwaka 2008 serikali kuu ya Marekani huyapa makao hayo nyota, moja hadi tano, na ripoti za wakaguzi ziko wazi kwa mtu yeyote kusoma. Soma za ukaguzi wa mara tatu zilizopita. Sikwambii uende kwenye nyota tano tu. Makao yenye matatizo yanayorekebishwa kwa uaminifu yatakufundisha mengi kuliko yale ambayo hayajawahi kujaribiwa. Unachokitafuta ni kosa lile lile likirudi mwaka baada ya mwaka. Hilo ukiliona, jua kwamba pale hakuna anayesikiliza.

Kisha nenda ukapaone, wakati wa chakula cha mchana. Simama mahali usipomzuia mtu. Tazama nani anawalisha wasioweza kujilisha, na kama amekaa kwenye kiti au amesimama juu yao kama askari. Sikiliza mzee anapoita: je, wafanyakazi wangapi wanapita kabla mmoja hajageuka? Muulize msimamizi jina la mama anayefua nguo. Akilijua, ni dalili njema. Uliza wasimamizi wangapi wamekaa ofisi ile kwa miaka mitatu iliyopita. Wakiwa wanne, mlezi wako huenda akaondoka ukiwa katikati ya saa zako, nawe utalazimika kumsajili mwingine. Na yule anayekwambia kwamba siku muuguzi akikosekana utasaidia kidogo wodini, mshukuru, kunywa maji yake, uondoke. Huyo anatafuta muuguzi wa bei nafuu.

Wengi wetu tunakwama kwenye kuomba. Kwetu mtoto hajitangazii mbele ya wakubwa. Hungoja aonwe, aitwe, apewe kiti. Nimewaona wauguzi bora kabisa, watu wanaoweza kutambua nimonia kwa jinsi mzee alivyoshika kijiko, wakikaa miaka 12 wakingoja kuonwa. Hakuna atakayekuita. Omba nusu saa ya msimamizi, ufike kwa wakati, useme: "Nimefanya kazi hapa miaka sita. Nataka kuwa msimamizi mwenye leseni. Naomba unilee kwa saa zinazotakiwa na bodi, na huu hapa ni mpango wangu wa miezi sita." Mkabidhi karatasi moja. Akikataa, muulize nani mwingine anamfahamu. Adabu yetu ni mali, na hapo haipotei hata kidogo: unaomba kama mtu anayejua anachokiomba.

Fomu yenyewe, ukishafika hapo, si mlima. Itataka mpango wa mafunzo unaoonyesha saa ngapi utazitumia katika kila idara. Chama cha kitaifa cha bodi hizo, NAB, kimeigawa kazi ya msimamizi katika maeneo manne: matunzo na huduma, uendeshaji, mazingira na ubora, kisha uongozi. Kina pia mwongozo wa mafunzo unaoweza kuufuata. Muuguzi asijipangie saa nyingi kwenye matunzo kwa sababu anayapenda. Hayo unayajua. Jipangie nyingi kwenye hesabu, ajira na matengenezo ya jengo, mahali ambapo unaogopa.

Kwenye maswali ya makosa ya nyuma, andika ukweli. Kama uliwahi kukamatwa ukiendesha gari umelewa, au leseni yako ya uuguzi iliwahi kupewa onyo, sema, uambatanishe karatasi za mahakama au za bodi na maelezo mafupi ya ulichobadilisha. Bodi huweza kusamehe kosa la zamani. Ikikuta umelificha, inakuhukumu kwa uongo wa leo. Na kama uko huko kwa viza ya mwanafunzi, usianze saa hata moja, ya malipo au ya bure, kabla hujapata jibu la maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Leseni ya jimbo haikupi haki ya kufanya kazi nchini.

Kibali kikifika, nunua kauntabuku nene. Kila jioni andika tarehe, saa, idara, uliyemfuata na ulichokiona. Mlezi atie sahihi kila Ijumaa. Usimpelekee miezi sita kwa mkupuo, hakuna anayekumbuka.

Juma langu la tatu la mafunzo nilipelekwa jikoni. Nilijiona nimeshushwa, mimi muuguzi wa miaka mingi. Mpishi mkuu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye aproni iliyofuliwa hadi ikawa nyepesi kama leso. Alinipa kipimajoto, akanionyesha: chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za selsiasi, cha baridi kisizidi 5. Siku hiyo kulikuwa na bakuli moja la viazi vilivyopondwa hadi kuwa uji, la bibi mmoja aliyepooza upande na asiyeweza kutafuna. Kipimajoto kilisema 49. Toroli lilikuwa tayari mlangoni, muuguzi akigonga gonga kidole. Yule mama alilirudisha bakuli kwenye mvuke, akakunja mikono, akasubiri. Muuguzi alipolalamika kwamba wenzake wote wanangoja bakuli moja, alijibu tu, "Huyu hawezi kusema kimepoa." Tulichelewa dakika sita. Nimekaa katika semina nyingi za ubora tangu wakati ule, na bado nikifikiria ubora naliona lile bakuli likitoa moshi.

Kulikuwa pia na mzee mmoja, mfugaji wa zamani, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Kila siku ikikaribia saa tisa alasiri alianza kuhangaika, akisukuma milango, akisema ng'ombe wako nje. Wafanyakazi walimwambia kwa upole kwamba hapa hakuna ng'ombe, naye akazidi kukasirika. Mimi nimekulia chini ya nyanda za juu za Nyabondo, najua jioni ina maana gani kwa mtu mwenye mifugo. Nilimuuliza ni wangapi. "Arobaini na mmoja," akasema papo hapo. Tukaenda dirishani tukawahesabu. Hiyo ni kazi ya muuguzi mwenye moyo, na wengi wenu mngeifanya. Kazi ya msimamizi ilianza siku iliyofuata, mlezi wangu aliponiuliza kwa nini iwe saa tisa. Nilikaa kwenye ile korido na saa yangu ya mkononi siku tatu mfululizo. Saa tisa ndipo zamu ya mchana inapoipokeza ya jioni: milango inagongwa, watu kumi wanaongea kwa pamoja, wanaokwenda nyumbani wanavaa makoti mbele ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Tukahamisha makabidhiano hadi chumba cha nyuma, tukapanga mtu wa kutembea na mzee bustanini kuanzia saa nane na nusu. Hakuwa mtulivu kila siku, lakini hakusukuma tena milango. Mafunzo yale yalinifundisha hilo: nikimwona mtu anateseka, nitafute ratiba, bajeti au mlango unaomtesa.

Jambo jingine la kushika kwa moyo ni saa mbili. Ikitajwa tuhuma kwamba mkaazi amedhulumiwa, au ameumizwa vibaya, makao yana saa mbili za kuiarifu mamlaka ya jimbo. Tuhuma nyingine za kumpuuza au kumwibia zina saa 24. Kwetu jambo huzungumzwa kwanza na wakubwa, likapoa, ndipo likatafutiwa njia. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo na sioni aibu. Huko, wakati unawaita watu mkae mzungumze, saa inakimbia na mzee bado yuko chumbani na aliyemuumiza. Ripoti kwanza, kisha uchunguze.

Keti pia na mhasibu hadi uelewe nani analipa nini. Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, hulipia hadi siku 100 za uuguzi wa kitaalamu kwa kipindi kimoja, 20 za kwanza kwa ukamilifu, na kwa kawaida ni baada ya mtu kulazwa hospitalini siku tatu. Wanaokaa miaka wengi wao hubebwa na Medicaid. Msimamizi asiyejua hayo ataajiri watu ambao baadaye atashindwa kuwalipa, na wanaoumia ni walio kitandani. Mwisho wa saa zako kuna mtihani wa taifa wa NAB wenye sehemu mbili, moja ya maarifa ya jumla na moja ya makao haya hasa, na majimbo mengine huongeza mtihani wa kanuni zao.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Miezi ya mafunzo huwezi kupiga dabo. Mshahara wa mwanafunzi, ukiwepo, ni mdogo kuliko wa muuguzi mwenye zamu za ziada. Waambie walio nyumbani kabla hujaanza, si baada ya M-Pesa kukatika na watu kuanza kusema umewasahau. Taja mwezi utakaoanza na mwezi utakaomaliza. Lipa karo ya mapema ukiweza. Paa la nyumba linaweza kungoja msimu mmoja.

Na ninyi mlioko hapa Kisumu na Nyakach, mnaoletewa karatasi zenye mihuri ya dhahabu na watu wanaoahidi leseni ya mafunzo ya usimamizi pamoja na viza ndani yake: nimeletewa karatasi hizo hapa barazani, na mzee aliyezileta alikuwa ameshauza ng'ombe wawili. Bodi za majimbo hazina mawakala mtaani. Leseni ya mafunzo si viza. Wauguzi wamo kwenye orodha ya Marekani ya kazi zenye upungufu wa watu, pamoja na wataalamu wa tibamaungo, na hivyo wana njia yao inayoeleweka. Wasimamizi wa makao ya wazee hawamo. Atakaye kufika huko aende kwa njia ya uuguzi, kwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usimamizi autafute akiwa ndani.

Wengine huniuliza kama leseni ya huko itawasaidia wakirudi kufungua makao hapa Nyakach. Leseni yenyewe haivuki bahari. Ukitaka kutibu watu hapa, kituo kinahitaji leseni ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na vituo vya afya, na wauguzi wako wawe na leseni hai ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Utakachovuka nacho ni macho. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya serikali. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini nenda nyuma ya soko letu uone bibi wa miaka 85 aliyeachiwa wajukuu wanne, anayeshindwa kushuka kitandani bila kushikwa. Mimi singeanza na vitanda. Ningeanza na wauguzi wawili wa kutembelea nyumba, kipimo cha shinikizo la damu, na mahali penye kivuli ambapo wazee wanaletwa asubuhi na kurudishwa jioni, ili wajukuu waende shule. Hiyo ni makala nyingine, na nitaiandika.

Yule binti wa fomu alinipigia tena Jumapili iliyopita. Amewaomba walezi watatu. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alitaka amsaidie zamu za wikendi, naye akamshukuru akaondoka. Wa tatu amo kwenye orodha ya bodi, ameziona karatasi zake, hata ile hati ya kiapo ya majina manne, akamwalika Alhamisi akakae kwenye kikao cha asubuhi, asikilize tu.

"Nivae nini, Mama? Sijawahi kuingia makao ya wazee bila sare."

Nikamwambia avae viatu vya kutembea, maana baada ya kikao amwombe wazunguke jengo lote, waanzie jikoni. Kikao ni saa moja asubuhi kwake. Kwangu itakuwa saa tisa alasiri, na nimemwahidi simu itakuwa mezani.